Hesabu ya Kuelea

Nyuma ya risiti ya tokeni za stima
niliandika kwa chaki ya kukatia nguo
mambo matano ya mwaka.

Kuwata sukari. Siku tisa.
Kutia mia kwenye kopo kila jioni:
mpaka Machi, karo ikaja na kijiko ikalikomba.
Kuhifadhi Yasini: nafika aya ya ishirini, narudi mwanzo
kama uzi uliokosa tundu la sindano.
Kusema na dada yangu Biubwa.
Hapo chaki ilififia yenyewe, au niliisugua, sikumbuki.
La tano: kuelea.
Hilo sikumwambia mtu.

Miaka ishirini na mitatu navuka feri,
Likoni naiwata gizani, Likoni nairudia gizani,
cherehani yangu ipo Marikiti, nyuma ya wauza bizari,
nashona sare za shule, rinda baada ya rinda,
na kila nivukapo husimama katikati,
baina ya lori la saruji na mkokoteni wa madafu,
mahali bahari haionekani
ila nyayo zaijua.

Kiuno cha mtoto nakipima kwa jicho.
Hofu yangu nayo nikaipima:
maji ya goti, nacheka;
ya kifua, nanyamaza;
yakigusa shingo, pumzi hutafuta mlango
na mlango haupo.

Wahenga wasema maji ukiyavulia nguo yaoge.
Mie sikuvua kitu.
Niliingia na dera, na suruali ndani, na mtandio kwa pini tatu,
Jumapili, ufuo wa Shelly, jua halijatoka,
na Swabri, mwana wa Biubwa, kanishika kisogo
kama ashikaye yai la kuazima.
"Wata mwili, mama mdogo. Wewe wapigana na godoro."

Moja. Mbili. Ta—
nikainywa bahari.

Jumapili ya pili nilikuwa na oda ya sare.
(Haikuwako oda.)
Ya tatu, mvua.
Ya nne nilifika mpaka mchangani, nikavua viatu, nikavivaa.
Ya tano: saba.
Nilirudi nyumbani nikaiandika saba ukutani, kando ya soketi,
nikaitazama nikila,
nikaitazama nikisali, astaghfirullah.

Niliazimia arubaini.
Mbona arubaini, Swabri aliuliza.
Kwetu kila kitu hungoja arubaini:
mzazi, maiti, mwizi.
Nami nina nini cha kujipunguzia?

Kumi na moja, wiki sita.
Kumi na moja, kumi na moja, tisa.
Hakuna aliyeniambia kwamba azma ina siku zake za chumvi tupu,
huendi mbele wala huzami,
waamka tu, wavaa dera lile lile lisilokauka vizuri, waenda.
Nilidhani moyo ndio huendesha miguu.
Siku nyingi ni miguu iliyouburuta moyo.

Kisha asubuhi moja ya Agosti, sikufanya lolote jipya.
Masikio yalijaa, ulimwengu ukazibwa pamba,
feri ikalia honi mbali,
nami nikawa juu ya kile
kilichokuwa kikinipita chini ya nyayo miaka yote.
Thalathini na moja.
Nikaifikiria thalathini na mbili, nikazama.

Nilitoka natetemeka, natema, nacheka.
Swabri kanimiminia chai kutoka kwenye chupa.
Tangawizi, na hiliki iliyopondwa na maganda yake.
Mtu mmoja tu Mombasa hii huponda hiliki na maganda.
Nilimtazama kijana; akatazama maji.
"Kasema uinywe ikiwa moto."

Ilikuwa na sukari, vijiko vitatu.
Niliinywa yote.
Alipoinyosha mkono kuchukua chupa nikamwambia,
iwate.
Nitairudisha mwenyewe.